Krismasi ya kwanza bila zamu: nyumbani Kibwezi au pwani na marafiki?

MuuguziWaDonholm

Hamjambo wazee wenzangu, na vijana mnaopita humu. Nimestaafu mwaka huu nilipofikisha miaka 60. Kazi yangu yote nimeifanyia wodi ya wazazi, katika hospitali za umma hapa Nairobi. Desemba hii inayokuja ndiyo ya kwanza ambayo jina langu halimo kwenye ratiba ya zamu, na sijui nitaigawa vipi.

Waliofanya kazi za zamu watanielewa upesi. Mtoto hangoji sikukuu ipite ndipo azaliwe. Usiku wa tarehe 24 tulikuwa tukiwapokea hadi alfajiri, na kina mama wengine wakiwapa wanao majina ya Noeli na Emanueli pale pale kitandani. Kukikucha tulikutana chumba cha chai, kila mmoja anafungua alichobeba: chapati zilizofungwa kwa kitambaa, kuku wa kienyeji ndani ya hotipoti, na pilau ya mwenzetu wa Pangani. Yeye ni Mwislamu. Alikuwa akiomba mwenyewe aandikwe zamu ya Krismasi ili wengine waende kanisani, nasi tukimshikia zake siku ya Idi. Wanawake hao ndio marafiki zangu hadi leo. Tumestaafu mmoja baada ya mwingine, na chama chetu bado hukutana kila mwezi.

Sasa jambo lenyewe. Mume wangu alinitangulia kustaafu, na siku nyingi yuko shambani kwetu upande wa Kibwezi. Kwake yeye Krismasi ni nyumbani, hakuna mahali pengine. Mbuzi huchinjwa asubuhi, ndugu zake wakaketi chini ya mwembe wakisimamia nyama, wake zao wako jikoni, watoto wanatoka kanisani na nguo mpya, na sufuria ya muthokoi imekuwa motoni tangu jana yake. Mama mkwe wangu yu hai. Macho yake yamefifia lakini wajukuu anawatambua kwa sauti. Mimi nimekuwa nikifika tarehe 27 au 28, wageni wameshaondoka, naletewa sahani iliyofunikwa.

Watoto wetu, ambao wana familia zao hapa Nairobi, wanataka tuwe Mombasa tangu Krismasi hadi mwaka mpya. Wameona nyumba ya kukodi Nyali na wanasema watalipa wao, mama apumzike. Wenzangu wa chama nao wana ahadi yetu ya zamani. Saa tisa usiku, wodi ikitulia, tulikuwa tukiambiana kwamba siku moja tutakwenda wote kuona bahari, tulale Diani, na asije mtu kutuamsha. Akiba ya safari hiyo ipo. Mmoja wetu anatembea na mkongojo kwa sababu ya goti, mwingine ana sukari na anajidunga insulini.

Kila upande una haki, na wote nawapenda. Mliostaafu kabla yangu, sikukuu na safari mnazipangaje bila kumwacha mtu na kinyongo? Na safari yenyewe tuifanyeje? Basi la usiku kwenye Barabara ya Mombasa siliwezi tena, miguu inavimba.

Mwalimu_KahawaWest

Dada, hongera kwa kumaliza salama. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo jibu langu linaanzia kwenye kalenda ya shule.

Watu wote wanaofanya kazi hutaka Mombasa katika wiki zile mbili za mwisho wa Desemba kwa sababu hawana nyingine. Wewe unazo. Shule hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na hazifunguliwi mpaka Januari. Novemba nzima wajukuu wako nyumbani na wazazi wao wako kazini. Wanashinda na msichana wa kazi mbele ya televisheni, na wazazi wanaumia kichwa wakiwaza watawapeleka wapi. Wachukue wewe! Mwezi huo nyumba za kukodi zina nafasi, bei iko chini, na treni haijajaa. Mvua ya vuli ipo, siwezi kukuficha, lakini pwani mara nyingi hunyesha kidogo asubuhi au alasiri kisha jua likatoka. Watoto hawajali.

Mimi na mzee wangu ndivyo tunavyofanya na wajukuu wetu. Tuliwapeleka Fort Jesus, nikawaonyesha kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, na mizinga inayoelekea baharini. Mjukuu wangu wa darasa la tano aliuliza maswali ambayo darasani hakuwa ameuliza. Siku iliyofuata tukaenda Haller Park pale Bamburi. Ile bustani ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, mpaka walipoanza kupanda mivinje miaka ya 1970. Sasa kuna msitu, viboko, twiga na kobe wakubwa. Ukitembea na mtoto mahali kama hapo bila haraka, bila mtu wa kukupigia simu ya kazi, utaona kustaafu kuna faida gani.

Wazazi wao wakiweza wanawafuata wikendi moja. Mkirudi, Krismasi mnaingia Kibwezi mapema, tuseme tarehe 18 au 19, kabla ya nauli kupanda na kabla ya ile misongamano ya stendi ya Machakos Country Bus ambapo watu hulala na mizigo. Safari hii hutaletewa sahani iliyofunikwa, dada yangu. Uwe hapo mbuzi akichinjwa.

Stesheni_AthiRiver

Shikamoo mama. Nimefanya kazi za reli na nimestaafu pia. Nitasema kuhusu treni tu, kwa sababu watu wengi wa kwenu Makueni hawaitumii ipasavyo.

Madaraka Express za moja kwa moja zinakwenda Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Ila kuna ile ya asubuhi inayosimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Umesoma vizuri, Kibwezi ipo. Kwenu na baharini ni njia moja, kwa hiyo mtu anaweza kushuka Kibwezi, akala sikukuu na wazee, kisha siku nyingine akapanda pale pale kuendelea na Mombasa, bila kurudi Nairobi kwanza. Watoto wako wakitaka mwaka mpya wakiwa Nyali, wanaweza kula Krismasi kwa nyanya yao na tarehe 27 au 28 wakaendelea mbele. Nauli ya Nairobi hadi Mombasa tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 behewa la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Ukishuka njiani unalipa kulingana na stesheni.

Tiketi hukatwa kwa *639# na kulipiwa kwa M-Pesa. Za wiki ya Krismasi huisha haraka sana, kwa hiyo kateni pindi zinapofunguliwa, msingoje mshahara wa Desemba. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake.

Kwa mwenye goti, fikeni Syokimau, stesheni ya Nairobi, angalau saa moja kabla. Ukaguzi una hatua kadhaa, mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswa na mbwa, na kusimama ni kwingi. Mwambieni askari mapema kwamba mna mgonjwa wa mguu. Visu hawaruhusu, na pombe pia, kwa hiyo kisu cha kumenyea maembe kiacheni nyumbani. Daraja la kwanza viti ni vipana na miguu inanyooka. Kwa huyo mmoja mngemchangia tofauti, ingawa treni yote ina nafasi ya kuinuka na kutembea, jambo ambalo basi halina.

Mkifika Miritini, stesheni ya Mombasa, na mnakwenda Diani, si lazima mvuke Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inapita upande wa pili na kuwatoa Kusini bila feri. Kodini gari moja la watu wote hadi mlangoni.

BintiWaKuze

Mama, karibu kwetu. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, ila niko South C mwaka wa ishirini na kitu sasa, na kila mwaka naombwa ushauri huu huu.

Hao mashoga zako wa wodini usiwapeleke Desemba. Wapeleke mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Sababu ni upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na bahari hutulia, maji yakawa maangavu hata ukaona vidole vyako. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na mwani hujaa ufukweni. Ukichagua Januari baada ya shule kufunguliwa, unaipata bahari ile ile nzuri ya Desemba bila makelele ya Desemba. Wenye nyumba wanakupigia simu wao! Wanawake wazima wanaotaka kulala bila kuamshwa, wakati wao ndio huo.

Diani mchanga ni laini, mwenzenu wa mkongojo atatembea vizuri asubuhi, ila aulize kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Yakikupwa sana watu hutembea mbali hadi miambani, na kule kunateleza na kuna miiba. Abaki kwenye mchanga ulioloa, mgumu kidogo, ndio mzuri kwa goti. Avae viatu vya kufunga, si ndara.

Tengeni siku moja ya Mji wa Kale. Nendeni asubuhi kabla jua halijakali, mnywe chai na mahamri na mbaazi za nazi, mpite vichochoro pole pole mkitazama milango ya kuchonga, mjitande leso tu, na mkisalimia watu mtasalimiwa. Jioni kaeni bustani ya Mama Ngina muangalie meli zikiingia, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Huyo mwenzenu wa Pangani atajua la kufanya, muacheni awe kiongozi siku hiyo.

Jambo moja tu: mkikata tarehe, angalieni Ramadhani inaangukia lini, maana kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwezi ule mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale imefungwa, na mwenzenu atakuwa amefunga. Kama mtaamua kwenda naye wakati huo, basi mnakwenda kwa ajili ya jioni, na jioni za Mombasa katika Ramadhani hazina mfano. Lakini muamue pamoja naye. Mtu aliyekuwa akiwashikia zamu za Krismasi miaka yote hiyo, tarehe zianzie kwake.

Mhasibu_Buruburu

Yote yaliyosemwa ni mazuri. Mimi nasema la pesa, tena kwa ufupi.

Kiinua mgongo kisiguswe kwa safari hata moja. Kitakuja mara moja tu, na Desemba huja kila mwaka. Safari za wajukuu, za nyumbani na za chama ziwe mafungu matatu tofauti, na kila fungu lijazwe kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni ya mwezi. Kule nyumbani kaeni na mashemeji zako mapema, Oktoba, mkubaliane nani analeta mbuzi, nani unga na mafuta, nani sukari na majani. Mstaafu aliyetoka Nairobi akifika bila mpango, watu humwona kama amebeba benki, na yeye kwa aibu hulipa kila kitu. Januari karo na madaftari yanamkuta hana kitu.

Kuhusu watoto kulipia nyumba ya Nyali, kubali kama pesa ni zao. Waulize bila kuona haya. Vijana wengi siku hizi hukopa kwa simu ili wazazi wafurahi, na riba ile inawatafuna hadi Machi. Nimeona haya kwa jirani zangu na yanasikitisha. Kama ni ya mkopo, waambie uji wa Kibwezi unakutosha.

Kitindamimba_Umoja

Shikamooni. Mimi sijastaafu, nina miaka 34. Mama yangu pia alikuwa wa zamu, si hospitali, alikuwa mpishi wa bweni la shule kisha hoteli. Naomba niseme kwa upande wa watoto.

Mama, sidhani hao watoto wako wanataka Nyali. Wanakutaka wewe. Sisi tuliolelewa na mama wa zamu tuna picha za Krismasi ambazo yeye hayumo. Tulivalishwa nguo mpya na shangazi, tukapikiwa na jirani, tukamngoja jioni amechoka amekaa kitini na viatu bado miguuni. Nilipoanza kupata mshahara, wazo langu la kwanza lilikuwa nimpeleke mama mahali ambapo hatapika wala hataitwa. Nyumba ya Nyali nadhani ndiyo maana yake. Wanaogopa ukienda Kibwezi utarudi kwenye kazi: wageni arobaini, sufuria, kuni, na wewe ni mke wa mwenye boma.

Kwa hiyo waambie hivi: njooni Kibwezi, lakini Krismasi hii mama hapiki. Chapati ni zenu. Kijana asukume, binti achome, wakwe wakate vitunguu. Sisi tulifanya hivyo mwaka mama alipoacha kazi. Tulimweka kwenye kiti karibu na bibi yetu, wakazungumza siku nzima, na ndugu yangu mkubwa, ambaye hajawahi kushika unga, alisukuma chapati za watu wote hadi mikono ikauma. Mama alilia kidogo. Hatukumuuliza.

Na huyo susu, yaani nyanya yao asiyeona vizuri, Nyali hataweza kwenda. Watoto wako wanalijua hilo, wanahitaji tu wewe uliseme.

MuuguziWaDonholm

Nimesoma yote, na lile la mwisho nimelisoma mara mbili nikiwa peke yangu. Asante mwanangu, Mungu akubariki na amtunze mama yako.

Jana jioni niliongea na binti yangu mkubwa. Nilimwuliza kuhusu pesa, kama mhasibu alivyosema, akanyamaza kidogo kisha akasema nusu ingekuwa ya kukopa. Nyumba ya Nyali tumeiacha. Novemba nachukua wajukuu mimi na mwenzangu mmoja wa chama ambaye naye ana wa kwake, tunakaa Mombasa siku chache. Krismasi wote Kibwezi, na chapati wameshaanza kugawana. Diani na wenzangu itakuwa baada ya shule kufunguliwa. Nimempigia simu yule wa Pangani kwanza kabla ya wengine, na tarehe ametoa yeye.

Kwa vile mmenipa mengi, nami niwape la kazi yangu, maana wastaafu wengi tunasafiri na dawa. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiende na mizigo, na ubebe za siku kadhaa zaidi. Insulini haipendi joto, kwa hiyo usiiweke dirishani wala uiache ndani ya gari juani. Vile vile isigandishwe, kwa hiyo isigusane na barafu moja kwa moja. Anayejidunga abebe pia kitu kitamu, kwa sababu safari huchelewesha chakula. Kwenye treni inuka kila baada ya saa moja au mbili utembee hadi mwisho wa behewa, na unywe maji, usijinyime kwa kuogopa choo. Anayevimba mguu mmoja ukauma na kupata moto asiupuuze, aende hospitali siku hiyo hiyo.

La malaria wengi hulisahau. Nairobi iko juu, mbu wa malaria ni wachache, na sisi tulioishi hapa miaka mingi hatuna tena kinga waliyo nayo watu wa pwani au wa ziwani, hata kama tulizaliwa huko. Neti kila usiku, wajukuu kwanza, na mzee mwenye maradhi amwone daktari kuhusu vidonge vya kinga kabla ya kuondoka. Homa yoyote baada ya kurudi, hata wiki kadhaa baadaye, pima na useme ulikuwa wapi.

Limebaki moja. Mume wangu. Kila nikitaja bahari ananiambia kuhusu ndengu zake shambani. Ningependa siku moja twende wawili, yeye na mimi tu. Nimwanzeje?

MzeeWaMakindu

Mama, mimi ni jirani yenu wa barabara, na mimi ni mtu wa ndengu, kwa hiyo nitamtetea kidogo. Ndengu za vuli hupandwa mvua ikigusa ardhi, mwisho wa Oktoba au Novemba. Desemba ni palizi na kuwinda wadudu wa maua. Ukimtajia bahari wakati huo anasikia unamwambia aache shamba. Si kwamba hataki kwenda nawe.

Zikianza kukauka, Januari kuingia Februari, ni kuchuma, kupiga, kupepeta na kutia kwenye yale magunia yasiyopitisha hewa ili zisiliwe na wadudu. Baada ya hapo hakuna kitu shambani mpaka mvua za Machi. Maembe yakishauzwa nayo, mwanamume anazunguka boma akitafuta ukingo wa ua wa kurekebisha. Wiki hiyo ndiyo yako. Usimwulize kama anataka kwenda. Kata tiketi mbili za kutoka Kibwezi, na umwombe jirani anayemwamini awaangalie mbuzi. Jirani huyo mtafute wewe mapema, kabla hujamwambia lolote, kwa sababu hilo la mbuzi ndilo litakalokuwa neno lake la kwanza. Mimi wangu waliangaliwa na shemeji yangu, na nilimpigia simu kila jioni nikiwa Mombasa, mke wangu ameketi kando akinisubiri nimalize.